Sahani ya Ishirini na Tano

Huitwa sahani ya udongo, na udongo haumo:
ni lami na chokaa, imepakwa rangi ya chungwa,
nyepesi kama mkate uliosahauliwa kabatini.
Inachomoka handakini bila salamu,
na mimi, Hilkka Ruuskanen, karani wa posta ya Rautjoki,
nimesimama kwenye theluji ya Machi
na mitutu miwili na mashaka matatu.

La kwanza ni jicho.
Jicho langu la kushoto ni mdakuzi,
linajibu lisiloulizwa,
linauvuta mtutu kando
kama mtoto avutavyo sketi ya mama dukani.
Tauno akakata utepe, mdogo kuliko ukucha,
akaubandika kwenye kioo cha miwani.
Macho hayana pazia, wasemavyo watu.
Langu moja limetiwa.

La pili ni shavu.
Shavu lilale juu ya kitako cha bunduki, asema,
lilale kama limelipia kitanda.
Ukiinua kichwa uone kama umeipiga,
hujaipiga.
Nimeyaandika hayo nyuma ya fomu ya vifurushi,
yako kwenye friji, chini ya sumaku ya samaki.

La tatu sikumwambia.
La tatu ni hesabu.
Nikifika ishirini na mbili
nasikia namba zikitembea ndani ya kofia,
na ile ya mwisho, kila Jumamosi,
inapita nzima, ikizunguka, haina haraka,
inakwenda kulala kwenye theluji
kama mgeni anayekijua chumba chake.

Alijua. Mtu aliyefunga mabomba miaka thelathini
anasikia panapovuja.
Akaingiza mkono mfukoni mwangu, akatoa risasi zote.
"Leo hupigi."
"Nifanye nini, basi?"
"Tazama."

Ishirini na tano, bunduki tupu.
Ya kwanza niliona mstari.
Ya nne, au ya tano, niliona sahani.
Kisha sijui ya ngapi, kwa mara ya kwanza katika miaka sita,
niliuona ukingo wake,
mikunjo yake ya duara, jua likiteleza juu yake,
na nikashangaa kwamba kitu kinachopita kasi hivyo
kina muda wa kuonekana.
"Na ile shanga ya mtutuni, uliiona?"
"Shanga gani?"
Tauno akacheka. Tangu Krismasi alikuwa hajacheka.

Sasa ni hivi. Risasi mbili. Bunduki inajifunga, ta.
Pumzi nusu itoke, nusu ibaki nyumbani.
Macho yaende mbele, yalegee, yangoje.
Natoa sauti fupi isiyo na maana.
Chungwa!
Mtutu unaifuata, unaipita kidogo,
kidole hakiombi ruhusa,
bega linapokea.
Vumbi.

Au hakuna vumbi.
Hapo nafungua bunduki, ganda linaruka, moshi unatoka,
na kosa linatoka pamoja nao.
Hivyo ndivyo ningependa kusema.
Kweli ni kwamba kosa halitoki;
nimejifunza tu kulisogezea kiti, likae nyuma yangu,
lisinishike kiwiko.

Mei theluji ikayeyuka,
tukaingia uwanjani na ndoo kuokota zilizonusurika.
Zangu, za Pirkko, za wale vijana wenye bunduki za bei,
zote zimelala kwenye matope, hakuna jina.
Moja niliileta nyumbani. Natilia funguo.

Ina ufa mwembamba ukingoni,
mahali chembe moja ya marisawa iligusa, ikapita zake.
Ufa hauhesabiwi. Sheria inataka kipande kionekane kikitoka.
Lakini asubuhi, kabla ya posta,
naupitishia kidole,
taratibu, mpaka mwisho wake.